Mbwa Apita, Barua Yakwama

Siku ya soko pale Lubao, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, mtu hununua mbwa, akamfunga kamba shingoni na kuondoka naye mchana kweupe. Hakuna anayeuliza mbwa huyo ni wa ukoo gani, wala majirani zake wana tabia zipi. Barua pepe haina bahati hiyo. Ikitoka kwenye seva ya nyumbani huulizwa yote hayo, na kabla haijajibu imeshafungiwa mlango.

Seva yangu ni laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, inakaa juu ya kabati ambako kuku hawafiki. Niliipa kazi ndogo tu: kupeleka mialiko ya mikutano ya chama cha akina mama kinachoongozwa na Senje, dada yake baba. Nikalipia jina la .co.ke, nikaweka programu ya Postfix, nikatuma. Seva ikaanza kuandika jambo lilelile: muda umekwisha, muda umekwisha. Postfix ina subira ya ajabu. Usipoielekeza vingine, huhangaika siku 5 nzima ndipo imrudishie mwenyewe barua yake. Mkutano ukafanyika, chai ikanyweka, akina mama wakatawanyika, na seva bado inabisha hodi.

"Senje, mwaliko uko njiani," nikamwambia.

"Njia gani hiyo, mwanangu? Si mimi niko hapa ng'ambo ya ua?"

Nikampigia mtoa huduma ya intaneti. Kijana mpole akanishauri nizime ruta, nihesabu hadi kumi, niiwashe. Nikatii. Nilipotaja poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, akaniwekea muziki, ukapigwa hadi nikaweza kuuimba. Kisha akaja mkubwa wake: "Hiyo tumeifunga kwa usalama wako."

Nilitamani kukasirika, lakini mkubwa huyo alikuwa na hoja. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe, uliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, enzi ambapo watu wa mtandao walikuwa wachache na mgeni aliaminiwa kwa kauli yake. Wahuni walipoingia, virusi viligeuza kompyuta za majumbani kuwa mitambo ya kumwaga matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Watoa huduma wengi duniani wakaiziba poti 25 kwa wateja wa nyumbani. Isitoshe, nyumba nyingi hutokea mtandaoni kwa anwani moja. Ruta yangu ilipewa namba inayoanza na 100.64, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kubanana huko. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: jirani nisiyemjua akibofya uchafu, mimi naingia orodha nyeusi pamoja naye.

Ipo njia ya panya iliyo halali. Unamkabidhi msafirishaji barua kupitia poti 587, ambayo hudai jina na nywila kabla ya kupokea chochote. Nikajiandikisha, nikaweka rekodi za SPF na DKIM ili jina langu lipate wa kulidhamini, na hatimaye mwaliko wa mkutano uliofuata ukaondoka. Ulitoka Lubao, ukapitia seva iliyoko Frankfurt, ukarudi Lubao kwa Senje, ambaye angeupata mapema zaidi kama ningepaza sauti dirishani.

Jioni akaniita, simu mkononi, miwani puani. Mwaliko ulikuwa umetupwa kwenye folda ya taka.

"Wako nimeuona," akasema. "Lakini hapo juu yake kuna bwana anasema nimeshinda dola milioni 1, nimtumie tu namba ya akaunti. Hebu niambie, mwanangu, yeye alipitia poti gani?"