Gari Limevaa Nguo ya Mdogo Wake

Mpwa wangu akiitamka "shikamoo mjomba" kwa kuivuta, najua kuna hela yangu inatafutwa. Siku hiyo aliivuta hadi jirani ng'ambo ya ukuta akaitikia marahaba. Kisha akalizunguka gari langu mara mbili, kimya, akitikisa kichwa kama mganga aliyeletewa mgonjwa siku ya mwisho. "Mjomba, chombo ni kizuri, ila umekivalisha kandambili."

Chombo chenyewe ni Toyota Crown Athlete ya mwaka 2005. Nililipia ushuru wake hadi nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Jina hilo la Crown Wajapani wanaliuza tangu 1955, maana yake kwa miaka yote hiyo kuna watu wamekaa mezani kukokotoa namna ya kumpitisha mtu mzima barabarani bila kummwagia chai. Mimi na mpwa wangu tukawasahihisha kwa mchana mmoja.

Matairi niliyokuwa nayo yaliandikwa ubavuni 225/45R18. Nilikuwa sijui maana yake na nilikuwa na amani. Sasa najua: upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 18. Ukipiga hesabu unapata kama sentimita 10 za mpira kati ya chuma changu na shimo la watu. Hizo sentimita 10 ndizo zilizokuwa zinanitunza kiuno, nami sikuwahi hata kuzishukuru.

Tukaenda Gerezani, Kariakoo. Huko mpwa akaziona rimu za mtumba kutoka Japani, upana inchi 10, zimezama katikati kama sufuria za shughuli. "Tundu tano, moja kumi na nne," muuzaji akasema, maana yake nati zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, na kwa Crown zinaingia. Hicho ndicho kitu pekee siku hiyo kilichoingia bila kulazimishwa. Kwa upande wa matairi, mpwa akachagua 215/35. Sasa inchi 10 ni milimita 254. Nikauliza swali la darasa la pili: mpira wa 215 utavaaje chuma cha 254?

"Unavutwa, mjomba."

Eti ndiyo mtindo. Japani wanauita hippari, yaani kuvuta, na ni pambo la magari ya kifahari ya staili wanayoiita bippu: gari la mwenye cheo linalazwa chini, rimu inajaa hadi kwenye ukingo wa madigadi, tairi linatanuliwa mpaka ubavu unalala ili lisikwaruze bodi. Watu wanasema mtindo huo una harufu ya yakuza. Sibishi. Ila yakuza wa Osaka anatoka kwake juu ya lami na kufika aendako juu ya lami. Mimi kati ya lami na geti langu nina mita 600 za tope, mfereji wa mama anayefulia watu, na matuta matatu yaliyojengwa na wananchi wenyewe, kwa hasira.

Kwa fundi wa matairi ndipo nilipotaka kurudi nyumbani. Tairi liliingia kwenye rimu likabaki linaning'inia katikati, limeachana na chuma pande zote mbili kwa upana wa vidole viwili. Fundi akapaka povu la sabuni, akajaza upepo. Upepo ukatoka kwa amani. Akalisukuma, akalirukia, akalitukana kidogo. Kisha akanigeukia kwa heshima zote: "Mzee, hebu kaa nyuma ya ukuta." Akapuliza kitu cha kopo ndani ya tairi, akawasha kiberiti. PUU! Tairi likaruka, likatua limekaa kwenye rimu kama lilizaliwa hapo. Muuza kahawa aliyekuwa ananimiminia alitoweka na birika lake, hadi leo sijamlipa. Na hilo ni moja; matairi ni manne. Tafadhali usijaribu kwako. Yule fundi hakuwa na nyusi, nami muda wote nilidhani kazaliwa hivyo.

Rimu zikachomoza nje ya bodi, ikabidi ukingo wa ndani wa madigadi ukunjwe kwa rungu (rungu, kwenye gari nililolilipia ushuru) na magurudumu ya nyuma yalazwe vichwa ndani. Nikasogea mbali kulitazama. Limesimama kama ndama aliyezaliwa alfajiri ile.

Kuna mambo hata mpwa hakuyajua. Matairi yakiwa mafupi, mshale wa mwendo unadanganyika: unaonyesha 54 wakati gari linakwenda 50. Kwa hiyo nadhani mimi ndiye dereva pekee mjini anayevunja sheria kwenye dashibodi tu. Na kilomita nazo zinahesabiwa nyingi kuliko nilizotembea. Gari linazeeka bila kusafiri, kama mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na shughuli ya mtoto wa shemeji, Kimara. Mama watoto kapakata sufuria la pilau, watoto watatu nyuma. Tuta la kwanza, tumbo la gari likasema krrrrr, sauti ya kung'oa jino. Nikawaomba washuke. Wakashuka. Tuta la pili, wakashuka. La tatu mama watoto hakuongea, na mnajua mke akinyamaza bei yake. Alivuka tuta kwa miguu, kitenge cha sare, sufuria kichwani, na gari la kifahari tupu likimfuata nyuma kiubavuubavu kama kaa. Kijana wa bodaboda akamwita: "Mama, panda hapa, mia tano tu mpaka lami!"

Nakiri jambo moja, maana hapa tupo wenyewe. Asubuhi nikiliosha, vijana wanapita wanapunguza mwendo, wengine wanapiga picha. Na mimi, mtu wa miaka 56, ndoo mkononi, najikuta nimevuta tumbo ndani. Hilo mpwa nilimficha.

Wiki ya sita ikanyesha. Shimo lililojaa maji usiku linafanana sana na lami iliyolowa. Wenye sentimita 10 za mpira hawana haja ya kujua tofauti. Mimi nilibakiwa na sentimita saba na nusu, nazo zimevutwa hadi zimelala. Nikasikia GO! ya chuma kwa chuma, usukani ukapiga mikono yangu. Fundi pancha alikuja na tochi mdomoni, akalipapasa tairi lililokwishatoka kwenye rimu upande wa ndani, akaitoa tochi ili aseme vizuri: "Mzee, hii siyo pancha. Hii ni talaka." Rimu ilikuwa imepinda kama kifuniko cha soda. Na alipomulika mengine, ukingo wa ndani wa tairi la nyuma umelika hadi waya zinachungulia, na ukingo wa nje bado una zile nywele zake za dukani.

Tukafunga la akiba, lile la zamani, 225/45. Gari likanyanyuka kona moja. Nilirudi nyumbani nimeinama upande, na kona ile tu ndiyo iliyopita matuta yote matatu bila kulalamika.

Matairi ya zamani mpwa alikuwa ameshayauza "ili yasitujazie stoo." Nimenunua mengine, saizi ileile, na rimu za kandambili. Mama watoto sasa anavuka tuta akiwa amekaa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji: nina rimu 4 za mtumba wa Japani, inchi 18 kwa upana wa 10, tundu tano, moja kumi na nne. Moja imepinda, lakini ukiegesha upande ule ukutani haionekani. Bei tutaelewana, ila mpwa wangu akikwambia yeye ndiye dalali, usimpe hela. Njoo mchana, na njoo na gari lililoinuka.