Namna ya Kuwa Bingwa wa Uzazi Asiyelala

Ewe daktari kijana unayetaka kutibu ugumba huku ukifundisha na kutafiti chuo kikuu, anza na gari. Tafuta lisilochoka upesi. Robert Edwards alikuwa na maabara yake Cambridge, na Patrick Steptoe, mpasuaji wa magonjwa ya wanawake, alikuwa na wagonjwa wake Oldham, karibu na Manchester. Kwa takriban miaka kumi, hadi 1978, Edwards na msaidizi wake Jean Purdy waliisaga barabara ya kati ya miji hiyo kwenda na kurudi, wakitafuta njia ya kurutubisha yai nje ya mwili wa mama. Na nyumbani waage vizuri: Edwards alikuwa na mabinti watano.

Kisha uza usingizi. Ratiba yako itapangwa na yai. Mwaka 1977 wenzako hao waliacha dawa za kuchochea mayai, wakaufuata mzunguko wa mwanamke ulivyo. Mkojo wa mama ulipimwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, wakisubiri homoni ipande. Ikishapanda, kuna yai moja tu, nalo lichukuliwe kabla halijatoka lenyewe. Kama saa yake ni alfajiri, basi ni alfajiri. Ndivyo lilivyopatikana yai la Lesley Brown, mama ambaye mirija yake ilikuwa imeziba, likarutubishwa maabara, na Novemba mwaka huo kiinitete chenye seli nane kikawekwa tumboni mwake. Binti yake Louise, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hiyo, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978, usiku wa manane ukikaribia.

Fedha usiziwekee matumaini makubwa. Mwaka 1971 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliwanyima ruzuku. Enzi hizo dunia ilihofia watu kuongezeka mno, na ugumba ukaonekana jambo dogo. Aliyemwona mke akirudishwa kwao kwa kukosa mtoto hawezi kuuita mdogo. Kwa hiyo, kabla hujamlaza mama kitandani, mwite mume naye apimwe. Atakuja amenuna. Mpime hivyohivyo, maana mara nyingi sana tatizo liko kwake au kwa wote wawili.

Sasa shika kalamu, kwa kuwa hapa ndipo wengi huharibu. Purdy alisomea uuguzi, akajifunza kulea viinitete mpaka kazi ikawa haiendi bila yeye. Mama yake alipougua na yeye akaenda kumtunza, shughuli yote ilisimama. Hata hivyo kibao cha kumbukumbu ya kazi hiyo huko Oldham kilimwacha nje, ingawa Edwards alisihi jina lake liwekwe. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39, Steptoe mwaka 1988. Tuzo ya Nobel, ambayo hawapewi marehemu, ikaja mwaka 2010 kwa Edwards peke yake. Basi usingoje tuzo: jina la muuguzi wako liandike kwenye makala unayoituma wiki hii. Waandike pia wanawake. Oldham walijitokeza 282, na waliojifungua kwa njia hiyo ya maabara ni wawili tu. Waliobaki walilazwa, wakachomwa sindano, wakapasuliwa, wakarudi nyumbani mikono mitupu, na elimu tunayoitumia leo imetoka miilini mwao.

Weka madaftari, ya mafanikio na ya kushindwa. Huko Kolkata, India, Daktari Subhas Mukherjee alitangaza kuzaliwa kwa Durga, naye mtoto wa yai lililorutubishwa maabara, tarehe 3 Oktoba 1978, siku 70 tu baada ya Louise. Kamati ya serikali iliyakataa madai yake. Baadaye akahamishiwa taasisi ya macho, yeye mtu wa homoni na uzazi, na mwaka 1981 akajiua. Miaka mingi ikapita ndipo mtafiti T. C. Anand Kumar, aliyekuwa akihesabiwa wa kwanza nchini humo kufanikisha kazi hiyo, aliposoma maandishi ya Mukherjee na kutamka hadharani kwamba wa kwanza alikuwa marehemu. Yeye alipoteza sifa kwa kusema hivyo, na akasema.

Siku utakapoitwa kukaa kwenye kamati ya kumhukumu mwenzako, omba madaftari yake uyasome kabla hujafungua mdomo.