Mheshimiwa Waziri, Watoto Wameelewa

Kwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

KUH: OMBI LA WARAKA WA KUDHIBITI UELEWA WA WANAFUNZI

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Masomo ya Jamii, Gredi ya 6, katika shule moja ya msingi ya umma Kaunti ya Kilifi. Ninaandika kwa unyenyekevu mkubwa kulalamika kwamba mtaala wako unafanya kazi. Kwenye mafunzo tulionywa kuhusu uhaba wa vitabu, msongamano wa madarasa, na wazazi watakaochoka kukata maboksi usiku wa manane. Hakuna aliyetuambia tufanye nini siku mtoto atakapoelewa.

Uraia, kama ujuavyo, ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi. Umekaa pale katikati ya ubunifu na ujuzi wa kidijitali, mpole kabisa, na miaka yote nimeufundisha bila kumdhuru mtu. Rangi za bendera na maana zake. Raia mwema hulipa ushuru, hutii sheria, hupiga kura. Watoto wanakariri, kengele inalia, tunakwenda chai.

Na huko kwenye chai, majilisi, ndiko kiranja mkuu alikokuwa akipatikana. Naibu wa mwalimu mkuu anataja jina, mwalimu wa nidhamu anatikisa kichwa, sahani ya mahamri inazunguka, uchaguzi umekwisha. Ulikuwa uchaguzi wa amani kupita kiasi. Hakuna sanduku lililowahi kuibwa, maana sanduku lenyewe halikuwepo.

Muhula huu tumefuata mwongozo wa mtaala neno kwa neno, tukawaachia watoto wapige kura. Tulitarajia kelele na peremende. Walikuja na karatasi zilizokatwa kwa rula, katoni ya biskuti iliyotobolewa juu, tume ya watoto watatu, na wakala wa kila mgombea amesimama penye dirisha. Kila karatasi ilifunuliwa na kuzungushwa ili waliokaa nyuma nao waione. Hesabu ya kila darasa ikaandikwa ubaoni. Msichana mmoja wa miaka kumi na moja akatangaza kwamba ubao huo sasa ni Fomu 34A na haufutwi mpaka muda wa pingamizi upite. Mwalimu wa Hisabati alikuja na dasta yake, akaombwa kwa adabu akafundishie chini ya mwembe.

Nimechunguza walikoyatoa haya, na naona lawama inarudi Jogoo House. Mwaka 2022 mlifunga shule tarehe 2 Agosti kwa ajili ya uchaguzi, mkasogeza siku ya kufungua mara mbili hadi tarehe 18. Kwa zaidi ya wiki mbili watoto wa nchi nzima walikaa mbele ya televisheni wakitazama wazee wao wakijumlisha fomu za vituo 46,229, nyingi zikiwa zimejaziwa kwenye madarasa na madawati ya watoto hao hao. Walimwona Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akitangaza mshindi pale Bomas muda mfupi baada ya watu wazima kurushiana viti jukwaani. Wangu walikuwa wadogo mno, bado wanahangaika na herufi za kuunganisha. Lakini mtoto haoni aibu kukumbuka.

Hesabu zenyewe nimezitumia darasani, maana hazina mfano. Asilimia za wagombea, yaani 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, zikijumlishwa zinatoa 100.01. Siku moja baada ya matokeo, makamishna wanne wa Tume walitwambia mbele ya kamera kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kura takriban 142,000. Kura halali zilikuwa zaidi kidogo ya milioni 14. Niliandika swali ubaoni bila kutaja jina la mtu. Robo saa haikupita, kijana wa dawati la mwisho akasema, “Mwalimu, huyu amesahau kugawanya kwa mia. Ni kama 1,400 tu, na hata hizo zimetokana na kukadiria desimali.” Mheshimiwa, yule mtoto hajafika hata sekondari ya msingi. Sijui tumfiche wapi.

Kuna jambo jingine linalonitatiza katika kusahihisha. Nilikuwa na swali la kawaida kabisa: “Mbunge wa eneo lenu ni nani?” Mwanafunzi aliyehamia kwetu kutoka Magarini aliacha nafasi wazi. Nikampa alama zote. Mahakama ya Juu ilikuwa imethibitisha kubatilishwa kwa uchaguzi wa Magarini mwaka 2024, na uchaguzi mdogo ulisubiri hadi Novemba 2025, kwa sababu kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Julai 2025, Tume haikuwa na kamishna hata mmoja wa kuusimamia. Wenzake wakauliza ni kwa nini tume yao ya darasa, yenye bajeti ya katoni moja, haijawahi kukaa wazi hata wiki moja. Nikawaambia tutalijadili muhula ujao.

Najua wizara yako haipendi nadharia tupu, ndiyo maana Aprili 2025 mkatuandalia somo la vitendo kule Nakuru. Wasichana wa Butere walikuwa na tamthilia yao, Echoes of War, kuhusu vijana wa ufalme wa kubuni wanaowadai watawala wao uwajibikaji. Ikaondolewa kwenye tamasha la shule. Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe kuigiza. Tarehe 10 wakapanda jukwaani, wasipate vyombo vya sauti wala mwelekezi wao, wakaimba Wimbo wa Taifa, wakashuka. Nje polisi walikuwa wakirusha vitoa machozi. Kwa asubuhi moja mligusa alama za taifa, uhuru wa mahakama, haki ya kujieleza na kazi za polisi, mada ambazo mimi hunichukua muhula mzima. Na vifaa vya kufundishia havikuwa vya kuchorwa kwenye manila. Vilikuwa halisi, vinatoa moshi.

Wanafunzi wangu waliitazama kwenye simu za wazazi wao. Hawakujali sana tamthilia ilisema nini. Walichotaka kujua ni kwamba mahakama ikishaamuru, nani mwingine huombwa ruhusa. Nimepekua mwongozo wa mwalimu jalada hadi jalada, swali hilo halimo.

Sasa turudi kwa kiranja mkuu. Aliyeshinda siye aliyekuwa ameandaliwa majilisi. Naibu alisimama gwaride la Jumatatu, akamshukuru kila mmoja kwa kushiriki, akasoma jina la mshindi wake, akaomba wakubali ili maisha yaendelee. Watoto hawakuvunja hata kioo. Waliomba kumbukumbu za kikao. Naibu ameshtuka kuliko ambavyo angeshtushwa na mawe, kwa sababu mawe yana adhabu yake kwenye kitabu cha nidhamu. Ameniagiza niwashushe alama za uraia. Tatizo ni kwamba viwango vyenu ni vinne, na cha juu kabisa ni Kuzidisha Matarajio. Kama kuna cha tano, cha Kuzidisha Mno, hakijatufikia huku pwani.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Tumemkunja, Mheshimiwa. Amekunjikia upande ambao hatukuutaka.

Ndiyo maana naomba waraka. Utwambie Kifungu cha 1 cha Katiba, kile kinachosema mamlaka yote kuu ni ya wananchi, tukisome kwa sauti ya kawaida au ya chini. Kifungu cha 37, kuhusu kukusanyika na kuandamana kwa amani, tukifundishe chote au tuishie kwenye neno “amani”. Utaje pia gredi ambayo fikra makinifu zinapaswa kusitishwa. Mimi ningependekeza ya 3, kabla hawajajua asilimia. Msichelewe. Juni 2024 vijana waliingia barabarani wamekwisha kuusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu na kuufasiri kwa lugha za nyumbani. Wengine hawakurudi kwao. Siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais alikataa kuutia sahihi. Wengi wa vijana wale ni wa 8-4-4, mfumo ambao nyinyi wenyewe mlituambia ni wa kukariri tu. Kama wakariri walifika pale, hawa tunaowafundisha kufikiri kwa makusudi, tena kwa fedha za serikali, watafika wapi? Tarehe 10 Agosti 2027 mtayahitaji madarasa yetu tena, na safari hii wenye madawati watakuwa wanachungulia dirishani wakihesabu.

Kwa upande wetu jambo ni la dharura zaidi. Watoto wamewasilisha pingamizi lao kwa maandishi siku ya sita, wakieleza kwamba Kifungu cha 140 kinawapa saba. Wanataka uamuzi ndani ya siku kumi na nne. Bodi ya shule inakaa Ijumaa. Mwenyekiti wake ameniuliza kama anaweza kuugua, nami nikamjibu kwamba walalamikaji wameshauliza makamu wake ni nani. Waraka ukifika kabla ya hapo, utakuwa umetuokoa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Masomo ya Jamii,
Kilifi.

Nakala: Tume ya Uchaguzi, Gredi ya 6 (wameomba kuisoma kabla haijatumwa, na wamesahihisha tarehe moja).