Funguo ya 10

Hapa Hewa Bora, Lubumbashi, motoka ina dawa moja tu, na kila mtu anaijua: toa batri. Inakunywa esanse kupita kiasi? Toa batri. Inatetemeka ikisimama? Toa batri. Ile taa ya njano yenye picha ya injini ikiwaka, hata mama anayeuza makala pembeni ya barabara ataacha kupanga marundo yake akuulize kwa huruma, "Papa, si utoe tu batri?"

Wanachobishania ni dozi. Jirani wa kushoto anasema dakika 10 zinatosha. Wa kulia anataka usiku kucha. Mzee mmoja mstaafu anashikilia kwamba nyaya zikishatoka kwenye batri lazima uzigusishe zenyewe kwa zenyewe, na asiyefanya hivyo anapoteza wakati. Mwingine anasema uwashe taa kubwa ili umeme uliobaki uishe. Kinachoniudhi ni kwamba huyu wa mwisho ana hoja: ndani ya kompyuta ya injini kuna vifaa vinavyohifadhi chaji kwa muda hata batri ikitoka. Sasa ana haki ya kuvimba, na tutamsikia mpaka mvua za Novemba.

Motoka yangu ni Toyota ya mitumba kutoka Japani. Ilishukia Dar es Salaam, ikakata Zambia nzima, ikaingilia Kasumbalesa na usukani wake wa kulia. Taa ya njano ilipowaka niliipeleka garaji, nikavuka barabara kununua maji. Niliporudi, kapo iko wazi na kijana wa garaji amesimama na funguo ya 10, ile ya kufungulia nyaya za batri, mkononi, anatabasamu.

"Papa, iyi mutoka ilikuwa na mambo mingi mu kichwa. Nimefuta yote."

Nikamuuliza skana ilitoa namba gani ya hitilafu.

"Ya nini skana, Papa? Taa si imezimika?"

Akataka na pesa ya kazi.

Kweli, alifuta. Saa ya dashibodi ilianza maisha upya. Redio, ambayo kwa kuwa ni ya Japani inaishia megahezi 90 na kwa hiyo huku kwetu inashika vituo vya kuhesabika, ilisahau hata hivyo vichache. Kioo cha ramani kikatoa maandishi ya Kijapani yanayodai namba ya siri, na anayeijua namba hiyo labda yuko Yokohama. Aliyenusurika ni yule mama wa Kijapani anayezungumza kila ninapowasha motoka, akinikumbusha kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao. Kwenye peaji ya Likasi hiyo kadi haijulikani, lakini kazi yake anaifanya kwa moyo mmoja. Huyo ndiye ningependa afutwe.

Yote hayo ningesamehe. Hasira yangu ni juu ya kile kilichofutwa bila kuonekana.

Kompyuta ya injini ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ramani ya kiwandani: kwa mwendo huu na mzigo huu, mwaga esanse kiasi hiki, washa buji wakati huu. Hiyo haifutiki kwa kutoa batri. Ya pili ni yale iliyojifunza barabarani. Injini ya esanse hulenga takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya esanse, kwa uzito. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inachungulia kilichobaki, na kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiona kila siku inalazimika kuongeza, inaandika pembeni: motoka hii, ongeza asilimia kadhaa tangu mwanzo. Pembeni hapo imeandika pia vumbi letu jekundu la kiangazi, uchakavu wa injini, na esanse ya Kadhafi wa kona, muuzaji wa pembeni ya barabara, ile ya kwenye bido ambayo asili yake anaijua Mungu na Kadhafi mwenyewe.

Kufuta hayo ni sawa na kumfukuza mpishi aliyezoea jiko lako bovu, ukaajiri mgeni, kisha ukashangaa kwamba bukari imeungua.

Nami ikaniungulia kwenye barabara ya Kasenga. Kile kipepeo cha chuma kinachopitisha hewa kwenye injini hukusanya masizi, na kompyuta ilishajifunza kukifungua zaidi kidogo ili injini isizime ikiwa imesimama. Baada ya kufutwa ikarudi kwenye kipimo cha kipepeo kipya, safi. Hewa haikutosha. Injini ikatetemeka, ikazima, na nyuma yangu Hiace iliyojaa abiria ikapiga honi huku konvuayeri akinipa maoni yake juu ya ukoo wangu. Buati nayo, iliyosahau mazoea yake, ikawa inabadili gia kwa kunishtua mgongo.

Kisha ikaja sehemu inayowadanganya watu wote wa mtaa huu: motoka ikachangamka! Ukikanyaga, inaruka. Majirani wakasema, unaona sasa? Naona, na sababu yake ni hii. Esanse dhaifu hugonga ndani ya injini. Kompyuta inasikia kugonga huko kwa sensa yake, inachelewesha moto wa buji, na inakumbuka kufanya hivyo. Ukiifuta, inarudi kuwasha mapema na nguvu inaonekana kuongezeka. Ukimwaga tena esanse ileile, itasikia kugonga kulekule na kurudi palepale. Hakuna farasi mpya aliyeingia chini ya kapo. Isitoshe, Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa nyepesi ya hapa inaipunguzia injini isiyo na tabo karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Hiyo nayo utaitoa kwa funguo ya 10?

Baada ya siku kadhaa taa ya njano ikarudi, kama ilivyopaswa. Kwa hitilafu nyingi kompyuta haiwashi taa papo hapo. Inataka kuiona hitilafu tena kwenye safari ya pili ndipo iseme. Kwa hiyo kijana anakuwa ameshakula pesa yako, na ukirudi anakuambia safari hii atatoa batri usiku kucha.

Sikurudi. Nilikwenda kwa fundi mwenye skana. Ikaandika P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi na esanse kidogo. Fundi hakushika batri kabisa. Aliinama na tochi, akapapasa mpira unaopeleka hewa kwenye injini, akanionyesha ufa uliokuwa ukifyonza hewa kinyemela. Tukabadilisha mpira na kusafisha kipepeo. Baada ya hapo ndipo akafuta kumbukumbu, na kufuta huko kulikuwa na maana: ugonjwa ulishaondoka, kwa nini kompyuta iendelee kuufidia? Akaiacha injini ingurume imesimama mpaka ipate moto, taa na kiyoyozi vimezimwa, ijifunze upya. Nikaondoka bila kutetemeka.

Na kuna wanaofuta kwa makusudi. Anayetaka kukuuzia motoka mbovu anatoa batri asubuhi, unakuja saa nne, dashibodi ni safi na roho yako imetulia. Hapo naye atakaa kimya kuhusu jambo moja: kompyuta iliyofutwa karibuni inajishtaki, kwa sababu majaribio yake ya ndani yanakuwa hayajakamilika, na skana inaonyesha hivyo. Angalia pia kama taa ya injini inawaka unapofungua swichi kabla ya kuwasha. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameifumba mdomo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla mtu hajafuta chochote, mwambie asome namba ya hitilafu, nawe uiandike kwenye karatasi. Akikataa, mnyang'anye funguo ya 10 na ufunge kapo yako.