Kawale Ipi?

Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, ina mtaa wake wa Kawale, na jiji la Lilongwe lina wake. Likuni nayo iko kambini na iko mjini. Kanda yetu iitwayo Blantyre unaifikia kwa miguu, ilhali jiji lenyewe ni safari ya nusu siku kwa basi. Mwenyeji hapotei. Anayepotea ni kompyuta, kwa sababu haijawahi kugombania kiti cha minibasi.

Jirani yangu ni mama muuza vitenge. Stoo iko Lilongwe, yeye yuko Dzaleka. Kutoka kambini kunataka kibali, hivyo mzigo wake una uhuru kuliko yeye. Maagizo anayapokea kwa simu, mimi nayageuza kuwa JSON kwa lugha ya R, kisha wasafirishaji wanapeleka. Kila agizo ni orodha ndani ya orodha: mteja, ndani yake anwani, bidhaa, ndani yake rangi. Wasafirishaji wana sharti moja: asichonacho mtu kisitajwe. Mteja wa kambini awe na sehemu ya "kambi". Wa mjini asiwe nayo kabisa.

Sharti hilo linatushinda kitabia. Sisi fomu zimetulea kujaza hata tusivyo navyo: mtaa, hakuna; nambari ya nyumba, hakuna; sanduku la posta, hakuna.

R nayo imelelewa vivyo hivyo. Andika list(jina = jina, kambi = if (wa_kambini) "Dzaleka"). Kwa mteja wa mjini, sharti la if linarudisha NULL, yaani hakuna. Ungedhani NULL ataaga na kuondoka. Wapi! Anakaa kitako, na kifurushi cha jsonlite kikipita kinamvisha mabano: "kambi": {}. Msafirishaji akanipigia: "Kaka, hii kambi ya mabano iko wilaya gani?" Nikamjibu "Dowa," wilaya ya kambi yetu, kwa mazoea. Vitenge vya Kawale ya mjini vikaja kulala kambini.

Ajabu ni kwamba NULL huyohuyo, ukimwingiza kwa mteja$kambi <- NULL, anaondoka na kiti chake, hata kama kilikuwa na mtu.

Dawa yake ni c(list(jina = jina), if (wa_kambini) list(kambi = "Dzaleka")). Sharti likitimia, orodha mbili zinaungana; lisipotimia, c() inampita NULL bila hata salamu. Ila ufanye hivyo katika kila ngazi, maana uchafu wa orodha ya ndani hausafishwi na usafi wa orodha ya nje.

Kawale zikatulia, rangi zikachachamaa. Bila auto_unbox = TRUE, jsonlite inafungia kila kitu kwenye mabano ya mraba, hata jina la mteja. Ukiiwasha, inayavua hata pale yanapotakiwa: rangi mbili zinabaki orodha, rangi moja inabaki neno tupu. Mfumo wa wasafirishaji ukawapokea wanunuzi wa rangi mbili na kuwakataa wa rangi moja.

Nilipomweleza mama, hakuuliza habari za mabano. "Basi mwanangu, waambie kuanzia leo haiuzwi rangi moja."

Mauzo yakapanda. Najua kwamba I(rangi) inatosha kuyalinda mabano, na nitaiandika. Mama ameniomba tu nisiwe na haraka.