Kipande cha Siku Thelathini

Katika mwaka 1965, wakati bei ya mkonge ilipokuwa ikishuka duniani kwa sababu ya kamba zitengenezwazo viwandani, ambazo hazikatwi kwa panga, hazipiti katika mashine ya korona, wala hazihitaji karani wa kuandika ni nani aliyezikata, niliitwa na meneja wa shamba moja la karibu na mji wa Tanga, nililolitumikia miaka kumi na saba, nikapewa bahasha, mkono wa kwaheri na kalamu ya wino. Kalamu ile ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeisahau mezani, lakini alinikabidhi kwa taadhima kubwa hata nikamshukuru kana kwamba amenitunuku.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vipande. Kwa msomaji ambaye hakuzaliwa penye mkonge, kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku ambayo mtu alitimiza kazi yake alitiwa alama katika chumba kimoja, na vyote thelathini vilipojaa, hata kama ni baada ya siku hamsini, ndipo alipolipwa. Alama yangu ilikuwa nzuri, yenye mkia, nami niliitia au kuizuia kwa uso mkavu kama wa kadhi. Nilidhani kwamba mtu mwenye maarifa kama hayo hawezi kukosa kazi Tanga.

Kwa hiyo sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilivaa suruali iliyopigwa pasi, nikachukua mkoba wangu wa ngozi, ambao ndani yake hamkuwa na kitu ila muhogo wa kuchemsha niliofungiwa na mama watoto, nikatoka Ngamiani kama aendaye kazini, na kumbe naenda kuketi ufukoni Raskazone, nikitazama matishari yakipeleka marobota ya watu wengine kwenye meli zilizotia nanga mbali. Nilidumu katika hila hiyo wiki tatu. Wiki ya nne mama watoto alinipa muhogo wangu, akasema kwa upole, “Baba Zuhura, Raskazone upepo ni mwingi siku hizi. Chukua na koti.”

Baada ya hapo nikaanza kutafuta kazi waziwazi, jambo ambalo ni gumu kuliko kuitafuta kwa siri. Niliandika barua kumi na moja kwa hati yangu bora. Tisa hazikujibiwa, ya kumi ilijibiwa kwamba kazi hakuna, na ya kumi na moja ilijibiwa na duka moja la nguo, lililoniita “Bibi” na kunipa pole kwa kukosa kazi ya kutarizi mito, ambayo sikuiomba. Kwa fundi cherehani nilikaa siku mbili, na katika siku hizo nilishona mkono wa kanzu mahali pa shingo. Mwenye kanzu alikuwa shekhe, akavumilia. Katika ngalawa nilikaa saa moja. Saa hiyo nisiulizwe.

Ndipo niliposikia kwamba mzee mmoja, muuza kahawa wa mtaa wa pili, amechoka miguu na anatafuta mtu wa kumrithi. Nilimwendea usiku, ili nisionekane. Aliinua taa akanitazama kitambo kirefu.

“Karibu, Bwana Karani. Wanikumbuka?”

“La, mzee wangu.”

“Mimi nakukumbuka. Nilikata mkonge mafungu yangu yote, ukaninyima alama, kwa kuwa fungu moja lilikuwa na majani ishirini na tisa badala ya thelathini.”

Nilitahayari hata masikio yakapata moto, kwa maana jambo lenyewe sikulikumbuka, lakini lilifanana nami mno. Mzee hakunifukuza. Alinipa masharti: nitajifunza siku thelathini bila ujira, na kila siku niliyoitimiza atanitilia alama ya mkaa ukutani. Siku niliyochelewa dakika kumi hakunitilia.

Kukaanga buni nilikuweza, na kutwanga pia. Tangawizi nilijifunza kuipima kwa kuwaonja majirani subira yao. Lililonishinda ni kuliza vikombe. Msomaji amekwisha kuusikia mlio ule jioni, lakini labda hajautazama: vikombe viwili visivyo na mkono huwekwa kimoja juu ya kingine katika kitanga cha mkono wa kushoto, kidole cha gumba kikashika cha chini, na kidole cha kati kikainua cha juu na kukiachia, kikaanguka juu ya mwenzake, ilhali mkono wa kulia umebeba dele la shaba na makaa yake yanayowaka. Muuzaji haiti watu kwa kinywa. Vikombe ndivyo vinavyoita. Mimi nilivunja sita, na kwa kila viwili mzee alifuta alama moja ukutani.

Siku yangu ya kwanza ya kutembeza nilichagua Makorora, ambako nilidhani sijulikani, nikashusha kofia hadi nyusini, wala vikombe sikuviliza, nikihofu kusikiwa. Nilipita mabaraza saba kimya kama mchukua maiti. Mtoto mmoja alinifuata, akaniuliza, “Mjomba, unampelekea mgonjwa?”

Baraza la nane alikuwapo karani mkuu wa shamba letu, yule aliyekuwa akizikagua alama zangu kwa miwani, pamoja na wengine watatu wa ofisini. Ningalikimbia; lakini mtu mwenye makaa ya moto kando ya goti lake hakimbii.

“Karani!” akasema mmoja. “Mbona umekawia? Mzee wako alitwambia tukungoje tangu jana.”

Kumbe wote walikuwa wamepewa bahasha. Nilipokuwa nikimimina, mkono ukitetemeka hata kahawa ikamwagikia kidole changu, niliona kwamba karani mkuu amekanyaga gazeti lililotandazwa juu ya kitu chini ya kiti chake, kama mtu aliyekanyaga kwa bahati mbaya, na kwamba mguu wake hauondoki. Upepo uliinua pembe ya gazeti. Chini yake palikuwa na sinia ya kashata, zimepangwa kumi kumi, kwa mistari iliyonyooka kama daftari, na hakuna hata moja iliyouzwa.

Kipande changu kilijaa siku ya arobaini na sita. Mzee hakunisamehe hata chumba kimoja. Tangu hapo mimi na karani mkuu tulitembea pamoja, baada ya sala ya alasiri. Kikombe kilikuwa senti tano, ile yenye tundu, na kashata ilikuwa senti tano. Mwenye haraka ilimbidi alete fedha kamili, kwa sababu karani mkuu hakukubali kumwachia mtu aende bila stakabadhi.