Mmeomba Simu, Nawaletea Soksi

Hamburg, Ujerumani
Februari, baridi ya kutafuna mifupa

Kwa Mama, Mjomba, Dada na wote wa Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga.

   

Dhumuni la barua hii ni kuwatayarisha. Karibuni mtapokea kifurushi. Dada, najua katika ule ujumbe wa sauti ulitaja simu, tena ukataja mpaka idadi ya kamera zake. Mjomba alitaka saa ya mkononi isiyoingia maji, ingawa tangu nizaliwe sijamwona akiogelea. Basi ndani ya kifurushi hakuna simu wala saa. Kuna soksi. Nimezifuma mwenyewe.

Nawapa nafasi mcheke.

Mmemaliza? Mjomba bado. Tuendelee, atatukuta mbele.

Yalianza hivi. Huku mtu haingii na viatu ndani ya nyumba ya watu. Hilo halikunishangaza, hata kwetu viatu hubaki mlangoni. Ila kwetu ukivua ndala unabaki na mguu, na mguu hauna siri. Huku ukivua kiatu unabaki na soksi, na soksi ndiyo inayokuumbua. Msimu wangu wa kwanza wa baridi nilivaa soksi za pamba jozi tatu kwa mpigo, zile za kununua furushi zima kwa bei ya chai, nikazipanga mguuni kama maganda ya kitunguu.

Ghorofa ya tatu hapa kwetu anakaa bibi mmoja, amemzidi Mama kama miaka kumi hivi. Watoto wa jengo wanamwita Oma, yaani bibi, nami nikafuata. Siku moja nilimpandishia mizigo yake ya sokoni, akaniambia niingie ninywe kahawa. Nikavua viatu. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeshatoboa soksi zote tatu, kimetokeza nje kama kichwa cha kobe anayesikiliza mvua.

Oma hakusema kitu. Watu wa kaskazini hii maneno wanayatumia kama sisi tunavyotumia zafarani. Alikitazama kile kidole, akaingia chumbani, akarudi na futikamba ya kushonea, akanipima unyayo palepale: sentimita 27. Nikajua nimepata viatu vya marehemu mumewe. Wiki mbili baadaye nikakuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu. Hakupiga hodi, hakuacha hata karatasi. Ndani mlikuwa na soksi za sufu zenye mistari ya bluu ya bahari, chungwa, kijani cha mgomba, na zambarau ile ambayo kwetu ingekwishakuwa sare ya harusi ya mtu.

Nikazivaa. Jamani! Sufu ilinishika kisigino kama kiatu kilichoumbwa na Mungu mwenyewe. Nikawa natembea sebuleni bila safari, naenda jikoni sina ninachokifuata, narudi. Usiku nikalala nazo. Asubuhi nje kulikuwa na theluji, anga rangi ya sufuria, kila mtu kavaa koti jeusi kama anakwenda matangani; mimi chini ya suruali nina taarabu kamili na wapiga vinanda wake.

Hapo ndipo nilipoielewa nchi hii. Kwetu mtu akikupenda, au akikuchoka, anakununulia kanga, ujumbe anaukuta mezani kwa muuzaji. Hawa hawana kanga. Wana soksi. Ina pindo, ina mji, ila jina halikuandikwa. Unalisoma kwa mguu.

Nikapeleka sambusa kushukuru. Oma alikula tatu, akafuta midomo, akasema, "Si mbaya." Kwa watu wa hapa hiyo ni sawa na kutunzwa jukwaani. Nikapata ujasiri nikamwomba anifundishe.

Sasa Mama, wewe uliyefuma vitambaa vya makochi yote ya mtaa ule, ukavitia wanga mpaka vikasimama kama askari, utanielewa. Wewe ulikuwa na kulabu moja. Soksi inataka sindano tano. Nne zinashika vitanzi, ya tano inafanya kazi, na zote zimechongoka pande mbili. Ukizishika mkononi ni kama umekabidhiwa nungunungu mwenye hasira umpige mswaki. Unaanza na vitanzi 64, kumi na sita kila sindano, kisha unazunguka. Wajerumani vitanzi wanaviita vya kulia na vya kushoto: viwili kulia, viwili kushoto, hivyo hivyo mpaka shingo ya soksi itoke yenye kuvutika. Wiki nzima nilikuwa nanong'ona kulia, kulia, kushoto, kushoto, mpaka Mkenya ninayekaa naye akauliza kama nimejiunga na mgambo.

Soksi yangu ya kwanza ingemtosha mnazi. Oma aliitazama, akachomoa sindano zote, akavuta uzi. Prrrr! Jioni nne zikaisha kwa kupepesa jicho. Lugha yetu ilikwishaliona hili zamani: anayefuma ndiye anayefumua. Na anayefuma kazini kwa kujificha chini ya meza hufumaniwa, kama alivyonifumania msimamizi wangu nikiwa kwenye kisigino.

Kisigino! Hapo ndipo wanaume wanapolia. Unafika mahali unaviacha vitanzi 32 vipumzike, vile 32 vingine unavifuma nenda-rudi mpaka upate kitu kama ulimi. Kisha unaanza kuvipunguza katikati, na ule ulimi unajikunja wenyewe, unakuwa kikombe. Namna unavyojikunja mimi sijui. Nilimwuliza Oma, akanijibu, "Usikifikirie, kifume." Nikaacha kufikiri, nikafuma, kisigino kikatokea. Nimesoma mpaka chuo kikuu na hakuna mwalimu aliyewahi kunipa ushauri wenye faida kama huo.

Na rangi, Dada, rangi! Duka la nyuzi la hapa ni kama duka la kanga la Mombasa, tofauti ni kwamba unaruhusiwa kunusa bidhaa. Donge moja ni gramu 100, ndani yake uzi wa mita 420, sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25 ili kisigino kisitoboke. Kuna uzi uliotiwa rangi kwa hesabu: wewe unafuma tu, mistari inajipanga yenyewe. Unasema nitalala baada ya huu mwekundu, lakini baada ya mwekundu inakuja njano, na njano huwezi kuiacha peke yake. Ukishtuka ni saa nane za usiku. Bei ya donge sikutajii, maana utaibadilisha kwa shilingi halafu utapandwa na presha.

Hesabu nimepiga mwenyewe. Soksi moja ina vitanzi kama 10,000. Jozi inanila saa 20. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara hapa kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Zidisheni: euro 256 na senti 40, uzi bado. Kwa hiyo Mjomba, ukizivaa, tafadhali usiende nazo bandani kwa kuku.

Faida nyingine ni ya kijamii. Mwaka mzima nilipanda treni za mji huu hakuna aliyenisemesha, hata siku niliyokaa juu ya kofia ya mtu. Siku nilipotoa sindano zangu, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aliinama, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini kisigino changu ni cha aina gani. Nikamjibu. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeridhika na majibu ya vipimo. Vituo vitano tukazungumza visigino. Aliposhuka aliniaga kwa kunipungia mkono. Nilifika kazini nimelewa furaha.

Mjomba, nasikia ulishauliza kama kijana amerogwa, maana kufuma ni kazi ya wanawake. Kwanza, kofia yako ya Idi. Unguja na Lamu nimewaona wanaume wazima, wenye wake na deni, wamekaa barazani wakishona kofia. Pili, ukoo wetu umekula kwa nyuzi tangu babu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge kwetu. Miche 1,000 ilitoka Florida ikapitia hapa hapa Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba ambamo babu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Wajerumani walipotuletea nyuzi hakuna aliyeuliza nani amerogwa. Mimi nimewarudishia ziara tu.

Na kwa kuwa unapenda historia, nikupe nyingine. Soksi inaishia vidoleni. Kuna namna ya kuunga vitanzi vya juu na vya chini kwa sindano ya kushonea hata mshono usionekane, na Waingereza wameipa jina la Kitchener, yule Waziri wao wa Vita wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mwenye masharubu ya kufagilia. Ni huyo huyo aliyeletwa kwetu mwaka 1885, katika tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa, kuangalia ardhi ya Sultani wa Zanzibar inaishia wapi. Mwaka uliofuata wakubwa wakakubaliana Sultani, ukiacha visiwa vyake, abakie na ukanda wa maili 10 tu kutoka pwani. Basi kila nikimaliza soksi namkumbuka. Mshono wake huu wa vidoleni hauonekani kabisa. Ule wa mipaka unaonekana mpaka leo.

Sasa Dada, lile swali lako: soksi za sufu Tanga, na jua lile, tena sisi watu wa ndala? Jibu lipo London, kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kuna soksi ya mtoto, ya mguu wa kushoto, iliyofumwa Misri yapata miaka 1,700 iliyopita, kwa sindano moja, kabla ya ufundi huu wangu haujazaliwa. Ina mistari ya rangi. Mwaka 2018 wataalamu waliichunguza kwa picha za miale mbalimbali, wakakuta rangi zote zile zilitokana na mimea mitatu: ya nyekundu, ya bluu na ya njano. Lakini sikiliza hili: kidole gumba kimetengewa chumba chake, na vingine vinne chao. Kwa nini? Mtoto avae na ndala! Wajerumani wanachekwa dunia nzima kwa kuvaa soksi na makubazi, kumbe mitindo hiyo ni ya kwetu Afrika na wao wamechelewa tu kupata habari.

Kwa hiyo kifurushi kimepangwa hivi. Shangazi wa Lushoto, mbili ndefu mpaka magotini. Yeye peke yake katika ukoo huu ana baridi ya haki, na Julai atanikumbuka. Mjomba, kijani na njano. Mimi mtu wa Simba nimekaa siku kumi nikifuma rangi za Yanga, usiulize tena kama nakupenda. Dada, zako zina rangi saba, nyingi kuliko kamera ulizotaja.

Mama, zako ni za kidole, za ndala, kwa ajili ya alfajiri zile unazosema sakafu inakuuma miguu. Ila kuna jambo. Ugonjwa mkubwa wa wafumaji ni soksi ya pili. Ukimaliza ya kwanza, hamu yote imekwisha, na vitanzi 10,000 vinakusubiri vilevile. Huyu Mkenya wangu ana soksi moja ya rangi za Gor Mahia tangu mwaka jana, na kila Jumapili ananiuliza habari za pacha wake kama anauliza mgonjwa.

Basi na wewe nimekuwekea moja, ya kushoto. Ya kulia ipo kwenye sindano, imefika kisiginoni. Hiyo siipi posta. Nitaimalizia ndani ya ndege Desemba, na kuivalisha nitaivalisha mwenyewe, nione kama kidole kimekaa. Kwa sasa vaa hiyo moja. Jirani wakikuuliza mwenzake yuko wapi, waambie yuko safarini, anarudi.

Mimi mwanenu,
wa ghorofa ya kwanza, Hamburg

Tanbihi: Zifuliwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 40. Maji ya bomba letu saa nane mchana nayajua. Fueni alfajiri.